Pua ya Maman Prezida

Neno lake la kukubali lilikuwa "hii", na la kukataa lilikuwa "ile". Hakuongeza lingine. Asubuhi mitumbwi ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, ilipofika ufukweni chini ya Kamembe, wavuvi wakiwa bado wanamalizia wimbo wao wa kasia, yeye alikuwa ameshafika, kitenge kimepandishwa juu ya vifundo vya miguu, kilemba kimekazwa, mkono wa kulia wa nguo umekunjwa hadi kwenye kiwiko. Alichota samaki kiganja kimoja, akawaleta puani, akafumba macho kidogo, kisha akasema. "Hii" ilimaanisha beseni linakwenda kwenye vichanja vyetu vya kukaushia. "Ile" ilimaanisha mwenye beseni atafute wajinga wengine. Sijawahi kumwona mvuvi akibishana naye mara mbili.

Sisi wa koperative, yaani ushirika wetu, tulimwita Maman Prezida, na mtaa mzima ukafuata. Wageni kutoka Kigali walishtuka kidogo wakisikia, ikabidi tuwaeleze kwamba urais wenyewe ni wa akina mama wanaokausha sambaza. Mimi nilikuwa karani wao, mwanaume pekee kundini, mtu niliyelelewa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nikarudi Rwanda na Kifaransa changu na majivuno yangu. Hakuniita kwa jina hata siku moja. Nilikuwa "Sekretere". Mke wangu alipojifungua, alikuja hospitali na chupa ya uji, akapita kitanda kwa kitanda akiuliza bibi ya Sekretere amelazwa wapi.

Sasa niseme jambo ambalo kwa muda mrefu niliamini nalijua mimi peke yangu: pua ile ilikuwa imekufa. Korona ilimwachia uhai, ikamchukulia harufu zote, na harufu hazikurudi. Niligundua stooni. Kulikuwa na kapu lililosahauliwa nyuma ya magunia ya chumvi, na mimi nilikuwa mlangoni nimeshaziba pua kwa shati. Yeye aliinama, akachota, akanusa, akafumba macho, akasema, "Hii."

Nikadhani ananitania.

"Maman Prezida, wale wameoza."

 Akawarudisha samaki kapuni taratibu, akajifuta mkono kwenye kitenge.

"Sekretere, unajua kufunga mulango?"

Nikafunga mlango.

"Bamama bakijua, kiti inakwenda. Na haiko kiti tu. Bila hii kazi mimi niko nani? Nitakuwa mwanamuke muzee wa kukaa ku mulango na kuuliza batu kama bamekula."

Alikuwa anasema kweli. Kwetu anayeongoza ndiye anayechagua samaki; hilo halikuandikwa popote na hakuna aliyewahi kulivunja. Na lilikuwa na sababu. Samaki wetu wakikauka hupakiwa kwenye malori na kwenda Muganza, ambako watu wa kiwanda cha saruji huwanunua wakitoka zamu. Beseni moja la "ile" likipita kama "hii", kuna nyumba ambazo watoto wataharisha wiki nzima.

Basi tukapatana. Kila asubuhi nilisimama kushoto kwake na daftari langu. Alipoinama kunusa, mimi nami nilivuta pumzi. Samaki akiwa mzuri, nilinyamaza. Akiwa mbaya, nilikohoa. Ulipofika msimu wa mvua, mitumbwi inapochelewa na samaki wanaharibika njiani, nilikohoa hadi watu wakaanza kunionea huruma. Visi wake, yaani makamu wake, mama mwembamba mwenye macho makali ambaye hakuficha kwamba siku moja angependa kukalia kile kiti, aliniletea maji ya umuravumba kwenye chupa ya soda. Wasiojua dawa hiyo ni heri yao. Ni majani machungu ya kikohozi, na alisimama mbele yangu mpaka nikamaliza.

"Kunywa yote, Sekretere. Usituletee kifua kikuu ku samaki."

Nilikunywa wiki nzima, kwa ugonjwa ambao haukuwa wangu wala haukuwa wa kifua. Nilicheka moyoni, lakini pia niliona aibu. Nilijua kwamba siku nitakayopata mafua ya kweli, pua mbili zitakuwa zimeziba na watu wa Muganza watakula uozo kwa sababu ya siri yetu.

Alikuwa na misemo yake. Mvuvi akianza kujitetea kwamba jua lilikuwa kali au mashini iligoma katikati ya ziwa, yeye alisema, "Samaki haina avoka." Maana yake, samaki hana wakili: akioza ameoza. Msemo huo umeingia hadi kwenye ndoa za mtaani. Nimemsikia mwanamke akimwambia mumewe aliyechelewa kurudi kwamba samaki haina avoka.

Alikuwa pia na vioja ambavyo hakuvionea haya. Maisha yake yote yalitoka ziwani, na hakuwahi kukanyaga mtumbwi. Bukavu alikwenda mara nyingi kuliko mimi niliyelelewa huko, lakini daima kwa miguu, kupitia daraja la mpakani la Rusizi ya Pili, beseni kichwani. "Maji ni ya samaki," alisema. "Sisi Mungu alitupatia daraja." Ijumaa alikwenda msikitini amenukia udi kutoka kilemba hadi kandambili, na baada ya Korona aliuzidisha, kwa kuwa hakuweza tena kujua umetosha wapi. Tulimpisha njia kwa heshima na kwa kutafuta hewa.

Kwa kubishana bei hakuna aliyemfikia, na hapo watu wa Kamembe hupenda kusimulia habari ya saba. Wengi huisimulia vibaya, na mimi nilikuwepo. Ilitokea Nagasaki, mji wa kale wa bandari huko Japani, ambako sisi wawili tulipelekwa na mradi mmoja kuona jinsi wenzetu wanavyokausha samaki wadogo. Tulikuwa sokoni na mkalimani wetu, binti wa Kijapani aliyesomea Ufaransa, ambaye sisi tulimwita Mademoiselle. Muuza samaki mmoja alikuwa amesimama nyuma ya samaki wanene wenye michirizi mgongoni, anapaza sauti: "Saba! Saba!"

Maman Prezida akasimama palepale.

"Sekretere, huyu anajua Kiswahili."

Kabla sijauliza chochote alikuwa ameshakunja mkono wa nguo. "Saba ni mingi, Papa. Tano!" Akamwonyesha vidole vitano.

Yule mtu akainamisha kichwa. "Hai, hai!" akasema, akafunga samaki watano kwenye karatasi kwa adabu kubwa.

"Umeona? Amekubali mara moja. Hawa batu beko na haki."

Mademoiselle alicheka mpaka akashika meza. Saba, akatueleza, ni jina la samaki yule, na sasa tulikuwa na samaki watano na hatuna jiko. Nikamtafsiria. Maman Prezida hakutingishika.

"Na 'hai'?"

"Hai ni 'ndiyo'."

"Basi hakudanganya. Ile samaki ilikuwa hai jana."

Niliona kwamba hata pale alikuwa amemleta samaki puani kabla ya kumpokea, na kwamba alinitupia jicho. Sikukohoa. Samaki alikuwa safi, na hotelini walitupikia.

Namna tulivyochaguliwa kwenda huko ilinishangaza siku ile, na nilikuja kuielewa baadaye sana. Barua ya mwaliko ilikuwa ya mtu mmoja na mkalimani. Mkalimani ni mimi, hilo halikuwa na mjadala. Kwa yule mwingine nilitazamia vita, maana Visi alikuwa kijana zaidi, alisoma, na alijua hata kutumia kompyuta. Lakini Visi ndiye aliyesimama wa kwanza. "Aende Prezida," akasema. "Yeye njo anahitaji kuona." Akakaa. Nikaandika kwenye daftari kwamba uamuzi ulipita bila pingamizi.

Nagasaki ni mji wa ngazi. Nyumba zimepanda vilima pande zote za ghuba, zimebanana, na mtu akitaka chumvi kwa jirani ni lazima apande au ashuke. Siku ya kwanza Mademoiselle alitupeleka juu kabisa. Maman Prezida aliangalia maji, vilima, mabati yanayong'aa, akatoa hukumu: "Ni Bukavu. Njo Bukavu yenyewe, ila hapa balimaliza kuipanga." Alifurahi kuona watu wanavua viatu mlangoni kama nyumbani kwake, na wanapeana vitu kwa mikono miwili kama kwetu. Kila jioni aliniuliza kama sisi tuliwaiga wao ama wao walituiga sisi, na hakungoja jibu.

Tulipelekwa pia mahali ambapo zamani palikuwa kisiwa kidogo cha kutengenezwa kwa mikono. Wafanyabiashara Waholanzi walifungiwa humo na biashara yao, na kati yao na mji kulikuwa na daraja fupi lenye walinzi. Bila ruhusa hakuna aliyevuka. Maman Prezida alipiga makofi.

"Rusizi ya Pili! Na jeton balikuwa banachukulia wapi?"

Kiongozi wa wageni akataka kujua jeton ni nini. Nikaeleza kwamba ni ile karatasi ndogo ya kuvukia mpaka, ambayo mama mwenye beseni la nyanya huipigania asubuhi ili awahi soko la ng'ambo. Yule bwana alisema kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza swali hilo, na kwamba lilikuwa swali zuri. Maman Prezida alivimba kichwa hadi jioni.

Bustani ya bomu tulikwenda asubuhi, kukiwa na watu wachache. Tuliambiwa kwamba waliounguzwa siku ile walikufa wakiomba maji, ndiyo maana pale pamewekwa maji mengi. Aliinua viganja akasoma dua yake, nami nikasali yangu. Watu tunaotoka Rwanda hatuhitaji kufundishwa jinsi ya kusimama mahali kama pale. Tulipotoka na kufika barabarani alinishika mkono kuvuka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kisha ikaja siku ya kwenda visiwani, kwa wakaushaji wenyewe. Alisimama gatini, akaangalia meli, akaangalia bahari.

"Sekretere, hakuna daraja?"

"Hakuna, Maman."

Akapiga moyo konde, akapanda amening'inia kwenye koti langu. Nilikuwa nimejiandaa kumtuliza. Lakini bahari ilipochafuka, aliyehitaji kutulizwa alikuwa mimi. Yeye ndiye aliyenishikia mfuko, akinipigapiga mgongo. "Unatapika Kifaransa yote," akasema. "Bakisha kidogo, tutaihitaji."

Kwenye kisiwa tulichoshukia kulikuwa na kanisa dogo la mbao karibu na maji. Mimi ni Mkristo, nikaomba tuingie; yeye akaacha viatu mlangoni, akakaa nyuma. Mzee anayelitunza alitueleza kwamba zamani dini ilipigwa marufuku, na wazee wao wakasali kwa kujificha, vizazi na vizazi, bila padri. Marufuku ilipoondolewa, wengine walijitokeza, na wengine wakabaki katika kujificha kwao.

Maman Prezida akanyanyua mkono nyuma kule kama mwanafunzi. Nikapeleka swali lake kwa Mademoiselle, na Mademoiselle kwa mzee.

"Benye balitoka, wenzao balibakasirikia?"

Mzee alisema anavyojua yeye, walilia pamoja.

"Na benye balibakia?"

Mzee alifikiri. Akasema walikuwa wameshazoea. Walilinda siri hata siku ambayo hakuna tena aliyewatafuta. Nilimtazama Maman Prezida. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kitenge. 

Nyumba ya samaki ilikuwa ng'ambo ya gati, imejaa mvuke. Bibi mmoja mzee sana, mgongo umepinda, gumbuti hadi magotini, alikuwa anazamisha sinia za dagaa kwenye pipa la maji ya chumvi yanayochemka, anazitoa, anazipanga kukaushwa. Alituona, akamwaga kiganja cha samaki waliokwisha kukauka mezani, na kwa kidole kimoja akaanza kuwagawa. Huku aliweka waliopinda. Huku waliobaki wamenyooka na tumbo limepasuka.

Maman Prezida, kwa mazoea, alichukua mmoja katika walionyooka, akamleta puani, akafumba macho. Kisha akafumbua jicho moja kunitazama. Nami sikuwa na la kumpa. Katika mvuke ule kila kitu kilinuka samaki, hata Mademoiselle. Sikujua kama nikohoe au ninyamaze.

Yule bibi alimtoa samaki mkononi kwake, polepole, bila ubaya. Akagusa pua yake mwenyewe, akatikisa kichwa, akasema kitu.

"Anasema pua ni ya mchuzi," Mademoiselle alitafsiri. "Kazini wanatumia macho. Samaki mbichi kweli akiingia kwenye maji ya moto anapinda, na tumbo linabaki zima. Aliyekaa ananyooka tu na kupasuka."

Maman Prezida alikaa juu ya kreti. Alianza kwa kucheka, na ghafla machozi yakawa yanashuka.

"Ni moshi," akaniambia. Hapakuwa na moshi.

Bibi akamsogezea rundo zima. Walikaa bega kwa bega mpaka meli ya kurudi ilipopiga honi, wakigawa samaki, wanawake wawili wasiokuwa na neno hata moja la kushirikiana. Baada ya muda nilisikia sauti ya mkwaruzo isiyo ya Maman Prezida ikisema, "Hii." Alikuwa yule bibi. Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo, na nakiri kwamba nilifurahi mpaka nikaona haya, kama mtu aliyetuliwa gunia la saruji.

Tuliporudi, alipeleka ufukweni jiko la makaa, sufuria na chumvi. Kabla ya kununua beseni alitupa samaki kiganja kimoja kwenye maji yanayochemka, akainama kuangalia. Wavuvi walipiga kelele. "Maman Prezida anapika samaki yetu mbele ya kuinunua!" Yeye aliwajibu, "Kule batu banainama, na samaki inainama. Hapa batu beko na shingo nguvu, basi angalau samaki iiname." Baada ya miezi michache hata wanunuzi wengine walikuja na sufuria zao. Kikohozi changu kikapona, na Visi akatangaza mtaa mzima kwamba ni umuravumba.

Angeweza kuishia hapo. Kiti chake kilikuwa salama, Muganza ilikula vizuri, na siri haikuwa tena na madhara kwa mtu. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mimi sikuelewa kitu kule kanisani, pamoja na Ukristo wangu.

Mara ya mwisho kumwona akiwa na kundi zima ilikuwa Jumapili mchana, wiki moja kabla ya uchaguzi wa koperative. Alikuwa ametuita wote nyumbani kwake bila kusema sababu. Akina mama walijaa kwenye mikeka uani, wamevaa vizuri, wamekuja na hoja za kumsihi agombee tena kama angekataa. Visi alikaa mbele. Jikoni, hatua tatu kutoka pale tulipokaa, sufuria ya maharage ilikuwa juu ya makaa. Maman Prezida alitusalimia mmoja mmoja, akauliza habari za wagonjwa, za harusi, za mvua. Mimi nilikaa karibu naye, nikamwona anakunja na kukunjua pindo la kitenge.

Katikati ya mazungumzo ya mvua akanyamaza, akageuza uso jikoni, kisha akaurudisha kwao.

"Bamama, muninusie. Ile sufuria inaungua? Mimi sisikiake harufu. Tangu Korona sisikiake kitu."

 Niliangalia miguu yangu. Nilizifikiria asubuhi zote zile, na nikangoja nisikie nani atakuwa wa kwanza kuhesabu mara nilizokohoa.

Visi aliinuka. Alikwenda jikoni bila haraka, akafunua mfuniko, akainama, akanusa, akakaa hivyo kwa muda kama mtu anayefanya kazi yake. Akafunika, nami nikakumbuka alivyosema siku ya mwaliko: anahitaji kuona.

"Bado," akasema. "Ikianza kuungua, Maman Prezida, tutakuambia."